Tabora, Soko la Njia Panda

Miji ya soko, popote iwapo duniani, hata ile ambayo wafalme waliitilia muhuri na kuiandikia hati, asili yake ni uchovu wa miguu. Mtu aliyebeba mzigo hufika mahali ambapo hana budi kutua. Na hapo atuapo, ikiwa pana maji ya kunywa, chakula cha kununua na mwenyeji wa kumkaribisha, ndipo soko linapoanza, na soko likidumu huwa mji. Huko Uingereza, katika karne ya 13, mwanasheria Bracton aliandika kwamba soko jipya lisiwekwe karibu na soko la zamani kwa masafa yaliyo chini ya maili sita na theluthi mbili, yaani takriban kilomita 11. Na hoja yake ilikuwa kwamba siku ya mtu hugawanyika mafungu matatu, fungu moja la kwendea sokoni, la pili la kuuza na kununua, na la tatu la kurejea nyumbani kabla giza halijaingia. Kwa hiyo vimiji vya soko vya nchi ile, ambavyo wageni huvisifu kwa makanisa yao ya mawe na viwanja vyao vya mnada, vilipangika juu ya ardhi kwa kipimo cha mguu wa mkulima. Tabora nayo ni mji wa soko, na kipimo chake vilevile ni mguu wa mwanadamu, illa safari iliyoizaa haikuwa ya kutwa moja bali ya miezi, na msafiri wake hakuwa mkulima apelekaye siagi na mayai, bali mpagazi aliyetoka pwani ya Bahari ya Hindi na vitambaa kichwani, au aliyekuwa akielekea huko na pembe ya ndovu begani.

Nchi ya Unyanyembe, ambamo mji huu umo, imekaa juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, nayo ni nchi tambarare ambayo macho hayakutani na mlima mkubwa, ila vilima vya mawe ya itale vilivyochomoza hapa na pale. Mvua huanza mwezi wa Novemba na kukoma Aprili au mapema Mei. Miezi iliyosalia ni kiangazi kikavu, majani yakageuka rangi ya mchanga na mito ikabaki vidimbwi. Maji ya upande wa kaskazini huuendea mto Igombe, na ya upande wa kusini huteremkia Wala na Ugalla, na yote hatimaye hukusanywa na mto Malagarasi, unaoyamwaga katika Ziwa Tanganyika, na kutoka humo yakaifuata Kongo hata Bahari ya Atlantiki. Ni jambo la kutazamwa kwa makini kwamba maji ya Tabora yote huelekea machweo, ilhali mali yake, kwa muda wa karne nzima, ilielekea macheo: wala hapakuwa na mto wa kuichukulia mali hiyo, ikawa haina budi kuchukuliwa na watu.

Tena hapakuwa na mnyama wa kuwasaidia watu hao. Kote kuizunguka Unyanyembe umeenea msitu wa miombo, wenye mininga, mikora na mitundu, na ndani ya msitu huo hukaa mbung'o, ambaye kuuma kwake huua farasi na ng'ombe, na hata punda hakuweza kutegemewa katika safari ndefu. Wenyeji walifuga ng'ombe mahali walipokwisha kufyeka msitu na kulima, lakini baina ya nchi iliyolimwa na nchi nyingine iliyolimwa palikuwa na pori, na pori lilikuwa milki ya mbung'o. Kwa sababu hiyo magurudumu hayakuonekana katika njia hii, wala misafara ya ngamia kama ile ya jangwa la Sahara. Mzigo wa Afrika ya kati ulikwenda pwani juu ya kichwa na bega la mtu, na kila neno la tarikhi ya Tabora hufuatana na jambo hilo moja.

Nchi yenyewe, kwa bahati njema, ilikuwa nchi ya kulisha. Wanyamwezi walilima mtama, uwele na mahindi juu ya miinuko yenye udongo mwepesi, na mpunga katika mbuga zenye udongo mweusi ambamo maji ya masika hutuama. Walipanda karanga, kunde, mihogo na viazi vitamu. Na katika miombo walitundika mizinga ya magome na ya magogo, wakarina asali na kupata nta. Kadhalika walikuwa watu wa biashara kabla mgeni yeyote wa pwani hajaijua njia ya kwao. Chumvi ilitoka Uvinza, kando ya Malagarasi, ambako watu wameyachemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu. Majembe ya chuma yalitoka kwa wahunzi wa Usumbwa. Shaba ilitoka Katanga. Unyamwezi ulikaa katikati ya nchi hizo, na mtu wa Unyamwezi akazoea kubeba cha huku akakipeleka kule. Mapema katika karne ya 19 walikwisha kufika pwani wao wenyewe na pembe zao, wakauza na kurudi. Nao Waarabu na Waswahili waliokuja baadaye kutafuta chanzo cha pembe hizo walifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na nyayo za Wanyamwezi.

Pwani wakati huo ilikuwa imo katika mabadiliko makubwa. Seyyid Said bin Sultan aliyafanya makao ya dola yake kuwa Unguja, na mwaka 1833 akafunga mkataba wa biashara na Marekani, ambako viwanda vya Massachusetts vilifuma kile kitambaa cheupe cha pamba ambacho watu wetu mpaka leo hukiita merikani. Huko Marekani na Ulaya, watu wenye nafasi walitaka pembe kwa vitufe vya piano, kwa vipini vya visu na kwa mipira ya biliadi, na kadiri matakwa yao yalivyozidi, ndivyo thamani ya pembe ilivyopanda Unguja. Wahindi wenye mitaji, kama Jairam Shivji aliyekodi forodha ya Unguja, na baadaye Taria Topan, waliwakopesha wenye misafara bidhaa kwa ahadi ya kulipwa pembe. Na kwa mikopo hiyo merikani iliyofumwa ng'ambo ya bahari mbili ilifika hata kwenye mashamba ya mtama ya Unyanyembe.

Njia yenyewe tuifuate. Msafara uliondoka Bagamoyo, au vijiji vya jirani, ukavuka mto Kingani, ukapita nchi ya Uzaramo na kuipanda milima ya Usagara, kisha ukateremka Mpwapwa, mahali penye maji mazuri, ambapo watu walipumzika wakijua yaliyo mbele yao. Mbele palikuwa na jangwa la Marenga Mkali, na baada yake nchi ya Ugogo, yenye visima vichache na watemi wengi, na kila mtemi alidai hongo, maana yake siku zile ushuru halali wa kupita katika nchi yake na kunywa maji yake. Baada ya Ugogo ilifuata Mgunda Mkali, pori la siku nyingi lisilo na chakula, ambamo aliyeugua na kuachwa nyuma hakutarajiwa tena. Mwisho wa pori lile palionekana mashamba ya Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi, na moshi wa majiko yake ulikuwa bishara njema kwa watu waliohesabu punje. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, wakiongozwa na Said bin Salim, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakaingia Kaze, maskani ya Waarabu ya Unyanyembe ambayo leo imo ndani ya Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Wapagazi hodari, wasio na wagonjwa wala shehena za Kizungu, walikwenda upesi kuliko hivyo, lakini hakuna aliyekwenda bila ya taabu.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa aghalabu frasila mbili, yaani takriban kilo 32, bila kuhesabu mkeka wake, chungu chake, silaha yake na posho yake. Merikani na kaniki zilikunjwa na kufungwa zikawa robota refu, likakazwa baina ya fito na kushonewa ndani ya mkeka, ili mtu akitua aweze kulisimamisha juu ya mti na kulitwaa tena begani bila kuinama hata chini. Shanga zilitiwa mifukoni. Na waya za shaba, ambazo ni nzito kuliko umbo lake, zilifungwa ncha mbili za mti mmoja. Pembe ndogo zilikusanywa tita moja, na pembe kubwa sana, ambayo haikuwezwa na mtu mmoja, ilining'inizwa katika mti wa kuchukuliwa na watu wawili. Mbele alitangulia kirangozi, amejipamba kwa nguo nyekundu na kilemba cha manyoya au ngozi, naye hapana aliyeruhusiwa kumpita. Nyuma yake barghumu na ngoma, kisha mstari wa watu mmoja mmoja, na pamoja nao wake zao waliobeba vyombo na watoto. Posho ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Msafara wa watu mia tano ulihitaji vibaba mia tano kila jua lilipochwa, na akili yote ya mwenye msafara, kuliko kupanga vita au kutafuta pembe, ilikuwa kujua wapi vibaba hivyo vitapatikana.

Basi tukiuliza kwa nini mji ulizaliwa hapa na si kwingine, jawabu limo humo. Unyanyembe ndiko njia zilikoachana: moja ikaenda magharibi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, moja ikaelekea kaskazini Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi hata nchi za Ufipa na Katanga. Walakini njia panda peke yake haijengi mji. La kubwa zaidi ni kwamba hapa ndipo mpagazi wa Kinyamwezi aliyeajiriwa pwani alipofika kwao, akatua mzigo, akapokea ujira wake na kwenda kulima. Na mwenye msafara alilazimika kukaa wiki kadhaa, au hata miezi, akitafuta watu wapya, akipanga upya bidhaa zake, akibadili shanga kwa rangi zitakazopokelewa aendako, maana shanga iliyopendwa Ujiji pengine haikutazamwa Karagwe. Katika muda huo wote yeye na watu wake walikula. Walinunua mtama kwa shuka ya mikono minne na kwa doti iliyo shuka mbili, na waliouza walikuwa wakulima wa Unyanyembe, na wengi wa hao walikuwa wanawake. Tabora ilineemeka kwa kusimama kwa msafara, si kwa kupita kwake. Na neno hili tutalirejea, kwa kuwa ndilo ufunguo wa mambo mengi yaliyofuata.

Matajiri wa kwanza wa kutoka pwani waliofanya maskani hapa walikuwa wachache. Musa Mzuri, Mhindi wa Surat, alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Sheikh Snay bin Amir el-Harthi, Mwarabu mwenye elimu ya vitabu na ujuzi mwingi wa nchi za bara, ndiye aliyewakaribisha Burton na Speke na kuwapa khabari za ziwa la kaskazini, yaani Viktoria, ambalo Speke, akitoka Kaze, alikwenda kuliona tarehe 3 Agosti 1858. Nyumba zao zilikuwa tembe, jengo ambalo watu wa bara walilijua zamani na watu wa pwani wakalizidishia mapambo: kuta nene za udongo, dari bapa ya miti ya miombo iliyofunikwa udongo ulioshindiliwa ili ndani pawe na ubaridi mchana na moto usipate pa kushika, vyumba vilivyouzunguka ua, ghala isiyo na dirisha ya kuwekea pembe na nguo, na mbele baraza pana ambapo shauri zote zilikatwa, nyuma yake mlango wenye nakshi za pwani. Kandokando ya tembe walipanda miembe, malimau, mikomamanga na vitunguu, na hata ngano. Msafiri Stanley, aliyefika mwezi wa Juni 1871, alikisia kwamba Tabora ilikuwa na vibanda na tembe zaidi ya elfu na watu wapatao elfu tano, Waarabu, waungwana wa pwani na wenyeji pamoja.

Si haki kuisimulia neema hiyo bila kuutaja utumwa, kwani ulikuwa umeshikamana nayo. Watu waliotekwa katika vita au kununuliwa magharibi ya Ziwa Tanganyika, hasa katika nchi ya Umanyema, walipitishwa hapa. Wengine waliendelea mpaka pwani, na wengine wakabakizwa kulima mashamba ya matajiri wa Tabora na kujenga hizo tembe tulizozisifu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wa bara haukukoma kwa amri hiyo. Sheria iliyouondosha kabisa katika Tanganyika ilipitishwa mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru mwenye ujira, aliyejua thamani ya kazi yake na kugoma alipodhulumiwa. Naye alitembea katika njia ileile aliyoipita mateka aliyefungwa mti shingoni. Atakayeandika tarikhi ya Tabora hana budi kuwaandika wote wawili, na asimfiche mmoja nyuma ya mwingine.

Mali ikikusanyika mahali pamoja, fitina haikawii kufuata. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe aliwakaribisha wageni, na binti yake Karunde aliolewa na Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Tippu Tip na ambaye baadaye alitoa kwa Kiswahili khabari za maisha yake mwenyewe. Fundikira alipofariki, karibu na mwaka 1858, alitawala Mnywa Sere, naye akawatoza Waarabu ushuru wa bidhaa zao. Nao kwa kuuchukia ushuru ule wakamwondosha na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere hakukubali. Alipigana nao porini miaka kadhaa, akazikata njia, na katika vita hivyo Sheikh Snay aliuawa, naye Mnywa Sere mwenyewe akauawa mwaka 1865. Hapo Tabora ilionja mara ya kwanza adhabu ya soko linalogombana na mwenye nchi: chakula kilikuwa ghali, wapagazi hawakupatikana, na pembe zikalala ghalani.

Adhabu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Magharibi ya Unyanyembe alitokea Mirambo, mtemi wa Uyowa, aliyekusanya vijana wa vita walioitwa ruga-ruga akaunda dola ya Urambo, na aliona wazi kwamba njia ya Ujiji ilipita karibu na mlango wake ilhali faida yake yote ilibaki Tabora. Mwaka 1871 aliifunga. Waarabu, na Stanley pamoja nao, walikwenda kumpiga, wakauteka mmoja wa miji yake. Lakini waliporudi wamelemewa na nyara, Mirambo aliwavizia njiani akawavunja, na mwezi wa Agosti mwaka uleule akaingia Tabora yenyewe, akamwua Khamis bin Abdallah na kuichoma sehemu ya mji. Vita viliendelea miaka kadhaa, na hapana upande uliomshinda mwenziwe kabisa. Mwishowe wote wakaitaka suluhu, kwa kuwa njia iliyofungwa haikumfaa hata aliyeifunga. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake, iliyosimama juu ya nguvu za mtu mmoja, ilipungua upesi baada yake.

Katika miaka ya vita hivyo ndipo Livingstone alipokaa Kwihara, jirani ya Tabora. Aliingia pamoja na Stanley mwezi wa Februari 1872, akabaki peke yake tangu Machi hata Agosti akingoja, katika tembe ambayo leo ni makumbusho, wapagazi 57 ambao Stanley alimpelekea kutoka pwani. Aliondoka nao akafa katika nchi ya Chitambo mwezi wa Mei 1873. Wakati huo watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walifanya jambo ambalo hakuna aliyewaamuru: waliukausha mwili wake, wakauchukua safari ya miezi mingi, wakafika Unyanyembe mwezi wa Oktoba, na hapo Cameron, Mwingereza waliyemkuta, aliwashauri wauzike. Walikataa. Walipozuiwa mbele ya safari na watu walioogopa kupitisha maiti katika nchi yao, waliufunga upya mwili ule katika umbo la robota la nguo, mzigo ambao njia nzima iliujua na haukuulizwa na mtu, na hivyo wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Ustadi ulioufanya mji wa Tabora, yaani kufunga, kubeba, kuvumilia na kutimiza ahadi ya mzigo, haukupata kudhihirika kuliko katika safari hiyo.

Wajerumani walipandisha bendera yao Tabora mwaka 1890, kwa mkono wa Emin Pasha. Mtemi Isike, aliyemrithi Mkasiwa mwaka 1876, hakuwakubali. Alizirudisha nyuma hujuma kadhaa za mwaka 1892 katika ngome yake, na ilipovunjwa na askari wa Tom von Prince mwezi wa Januari 1893, aliiwasha baruti iliyokuwa ndani kuliko kujitoa mkononi mwao. Washindi wakajenga boma lao la mawe, ambalo lingali limesimama, na kutoka humo wakautawala mji uliokuwa mkubwa kuliko yote ya bara ya koloni lao. Lakini ukubwa huo ulitishwa na jambo lililotendeka mbali: mwaka 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria, na bidhaa za nchi za ziwani, ambazo zamani zilikuja Tabora kwa vichwa vya watu, zikageukia Kisumu. Ndipo Wajerumani wakaanza mwaka 1905 kuitandaza reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Ikafika Tabora mwaka 1912, baada ya takriban kilomita 840, na Kigoma mwezi wa Februari 1914. Safari iliyokuwa ya miezi mitatu ikawa ya siku chache, na kazi ya upagazi wa safari ndefu, iliyowalisha Wanyamwezi vizazi vitatu na kulieneza jina lao hata Unguja, ilikwisha kwa ghafla.

Kazi hiyo ilirudi mara moja tena kwa sura mbaya, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale majeshi ya pande zote yaliposhika watu kwa maelfu wabebe risasi na chakula, na wengi wasirudi makwao. Tabora ilikuwa makao ya serikali ya Wajerumani baada ya pwani kuwa hatarini, na mwaka 1916, fedha ilipoadimika, karakana ya reli ya mji huu iligeuzwa kuwa kiwanda cha sarafu: kwa maganda ya risasi walipiga sarafu za heller, na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke walipiga sarafu takriban 16,000 za rupia 15 kila moja. Upande mmoja wa sarafu hiyo una tai wa Ujerumani; upande wa pili una ndovu aliyeuinua mkonga wake mbele ya mlima. Ndovu ndiye aliyeileta dunia Tabora, na hapo amechorwa katika dhahabu wakati biashara ya pembe zake ilikwisha kupita na dola iliyompiga chapa ikikaribia kuanguka: tarehe 19 Septemba mwaka uleule Wabelgiji waliingia mjini.

Chini ya Waingereza Tabora ilikuwa makao ya Jimbo la Magharibi, na mwaka 1928 tawi la reli la Mwanza lilikamilika, ikawa njia panda ya chuma mahali palepale palipokuwa njia panda ya miguu. Bidhaa mpya ya mji huu ikawa elimu. Shule ya serikali ya wavulana, iliyokusudiwa kwanza watoto wa machifu, ilimpokea mwaka 1937 kijana wa Butiama, Julius Nyerere, ambaye baada ya Makerere alirejea Tabora kusomesha katika shule ya Mtakatifu Maria. Rashidi Kawawa naye alisoma Tabora. Na Chifu Abdallah Fundikira, wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, alikuwa waziri wa sheria katika serikali ya Tanganyika huru. Na mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa chama cha TANU walikusanyika hapa kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mkutano ulikuwa mkali, na wengi walitaka kususia; Nyerere aliwasihi wakubali, nao wakakubali, na mwendo wa uhuru haukusimama. Watanzania wanaukumbuka kwa jina la Uamuzi wa Busara. Wajumbe walikuja kutoka pande zote, kwa kuwa njia zilikutana hapa. Njia ileile iliyobeba pembe na minyororo ikabeba shauri la kuwaweka watu huru.

Leo mji una watu wengi kuliko Stanley alivyoweza kuwaza. Sensa ya 2012 iliwahesabu karibu 227,000 katika manispaa. Mgeni aingiapo sokoni huona mara moja kwamba nchi haijaacha kulisha. Asali imejazwa chupani na madumuni, ya rangi ya dhahabu na ya rangi ya kahawa nzito, na muuzaji hodari humwambia mnunuzi imetoka pori gani na imerinwa masika au kiangazi. Karibu yake yamo mafungu ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa hata vikawa vyeupe na vikavu kama chokaa, pamoja na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza kisha vikaanikwa, vikawa laini na vitamu. Chakula hiki hakiozi njiani. Huchukuliwa kikavu na kutafunwa mahali popote, nacho ni urithi wa watu waliojua maana ya safari. Maembe huja kwa majira, karanga na mchele kwa mwaka mzima. Tumbaku nayo imeleta fedha, hasa Urambo, lakini hukaushwa kwa kuni za miombo, na kila bani la tumbaku hula msitu ambao ndio mama wa asali. Na mji ambao umeishi kwa msitu wake haupaswi kuuuza msitu huo kwa bei ya kuni.

Sasa reli ya kisasa inajengwa kuelekea mji huu, na watu wanayo haki ya kuifurahia. Hata hivyo tarikhi tuliyoisimulia ina nasaha moja ambayo watakaopanga mambo ya Tabora wasiidharau. Misafara iliutajirisha mji kwa sababu ilikuwa haina budi kusimama, na iliposimama ilikuta wakulima wenye akiba, wapagazi wenye ujuzi na wenyeji wenye baraza. Reli ya kwanza iliufupisha msimamo huo, na faida ikapungua, mpaka shule, karakana na makutano ya reli zilipompa msafiri sababu mpya ya kushuka. Treni iendayo kasi zaidi itasimama muda mfupi zaidi. Vitakavyoipa Tabora riziki ni vile vitakavyokuwa vyake yenyewe siku hiyo: asali iliyopimwa na kufungwa vizuri hapa hapa, nafaka iliyosagwa hapa hapa, vyuo na shule zinazomvuta kijana kutoka mbali, na tembe ya Kwihara inayosimulia, pamoja na khabari za Livingstone aliyekaa humo miezi michache, khabari za wapagazi, wakulima na mateka ambao kwa miguu na mikono yao mji ulisimama. Kazi hiyo ni ya wana Tabora wenyewe, na wakati wa kuianza ni sasa, kabla kituo kipya hakijafunguliwa.